Saini Uliyosema Huijui

Mama,

Chumba chako cha kushonea hakipo tena. Naanza na hilo kwa sababu ungeliuliza wewe kwanza, kabla hata ya kuuliza wajukuu wako wamekula nini. Tulikibomoa wenyewe Jumamosi asubuhi, mimi na Esperansi na wale wanafunzi wako wengine wawili, bati moja moja, tofali moja moja, ili kisiguswe na watu wasiokujua. Vyerehani viko sebuleni kwako. Esperansi amevisogeza dirishani penye mwanga, kama ulivyokuwa ukipenda, na wanashona hapo hapo, magoti yao yanagongana.

Nimekaa kukuandikia mara nyingi. Kila nikifika kwenye siku ya ile karatasi nasimama, nakwenda kuosha vyombo. Leo nimekaa kitandani kwako hapa Nyamirambo, nimefunga mlango, na sina vyombo vya kuosha.

Unakumbuka wiki ile kabla ya kupasuliwa macho. Ulikuwa umeshindwa kutia uzi kwenye sindano karibu miaka miwili, unampa Esperansi, na kila ukimpa unageuza uso usione anavyofanya haraka. Hospitali walikuwa wamekurudisha nyumbani mara mbili kwa sababu ya presha. Daktari aliniambia mimi, pembeni: "Mama asipate mshtuko wowote wiki hii. Ikipanda tena, tutamwondoa kwenye orodha." Niliapa moyoni kwamba haitapanda.

Asubuhi ile nilikuja kutoka Kabeza kukufulia. Wewe ulikuwa uani, umegeuzia jua mgongo kwa kuwa lilikuuma machoni. Akaja mtu na mkoba wa ngozi, akaniuliza hapa ni kwa Mariamu, na mimi ni nani wake. Nikasema mwanawe. Akasema basi saini hapa. Nikasaini. Alipokwisha kwenda ndipo niliposoma. Jirani yetu wa chini, Bwana Mutabazi, aliyenunua kile kiwanja na kujenga, alikuwa ameambiwa na wapimaji kwamba chumba chako cha kushonea kimekaa ndani ya ardhi yake. Alikuwa amekwenda mahakamani. Na mahakama inakuita ufike ujibu, siku fulani, saa tatu asubuhi. Siku hiyo ndiyo uliyopangiwa kupasuliwa.

Ukaniita kutoka uani: "Nani huyo, Zubeda?"

Nikasema: "Mtu wa umeme, Mama."

Nikaikunja ile karatasi mara nne, nikaiweka kwenye pochi.

Nilijiambia mengi. Nilijiambia kwamba mara ya kwanza mahakama huwa haiamui kitu, huwa wanaahirisha tu, maana ndivyo kila mtu mtaani anavyosema. Nilijiambia kwamba bandeji ikitoka nitakueleza taratibu, twende pamoja. Siku yenyewe ilipofika nilikaa kwenye benchi la korido hospitalini, nimeshika ndala zako ndani ya mfuko. Saa tatu ilipofika niliiangalia ile saa ya ukutani. Nilikuwa na simu mkononi. Ningeweza kumtuma mume wangu akawaambie tu kwamba mgonjwa yuko mezani anapasuliwa. Ningeweza kumpigia Mutabazi mwenyewe. Sikumpigia mtu. Nimejiuliza kwa nini hadi nimechoka kuuliza, na jibu ninalolipata kila mara ni dogo mno. Niliogopa tu. Niliogopa kwamba nikiitaja ile karatasi kwa mtu mmoja, itakufikia wewe.

Halafu bandeji ikatoka, ukaniangalia usoni kwa muda mrefu, ukasema: "Zubeda, umezeeka hivi lini?" Nesi akacheka hadi akashika ukuta. Tulipofika nyumbani uliomba sindano kabla ya chai. Ukatia uzi mara ya kwanza tu, ukaanza kulia, nami nikasema moyoni, acha afurahi wiki moja. Ikaja wiki nyingine. Nikasema moja tena. Kumbe hukumu ilikuwa imeshatoka.

Siku alipokuja umuhesha, yule anayetekeleza amri za mahakama, ulikuwa unapima pindo la gauni la bibi harusi. Alikwambia kwa adabu kwamba una muda wa kuondoa chumba. Ulinipigia simu Kabeza, na maneno yako bado nayasikia: "Zubeda, eti nimeshindwa kesi. Kesi gani? Mtu anashindwaje kesi ambayo hakuwepo?" Nilipanda moto, pikipiki ya kwanza niliyoiona, nikaja mbio, na mbele yako nikashangaa. Nilishika mdomo. Nilisema "Haiwezekani!" Sijawahi kujichukia kama pale, Mama, na hata hivyo nikaendelea kushangaa, maana nilikuwa nimeshaanza.

Wakili tuliyempata, Metre Solange kama mawakili wanavyoitwa huku, ulimjua tangu mama yake alipokuwa akishonesha kwako. Alikaa kwenye kiti cha wateja akatueleza kwamba muda wa rufaa umeshapita, na kwamba kilichobaki ni kurudi mahakama ile ile kuiomba ifungue shauri upya. Akasema milango ni michache. Mahakama ikishatoa hukumu imemaliza kazi yake, haiwezi kukaa tena na kujikosoa kwa sababu tu mtu anaumia. Lazima kuwe na jambo jipya kabisa, au udanganyifu, au uwaonyeshe kwamba hukuitwa.

Wewe ulikuwa umeshika mkasi. Ukasema: "Mimi nikikosea mshono, nafumua. Wao kwa nini hawafumui?"

Metre akasema: "Wakifumua kila mshono, Mama, hakuna mtu atakayeivaa nguo."

Ulimpenda kwa jibu hilo. Ulirudi kukata kitambaa, lakini niliona umempenda.

Mahakamani ulivaa ule mtandio wa kahawia. Nilikaa benchi la nyuma yako. Hakimu aliuliza unataka nini, na wewe ukajibu kwa Kinyarwanda chako cha polepole, kile cha kumchagulia mtu maneno: "Sikuja kusema ardhi ni yangu, Nyakubahwa. Labda ni yake kweli. Nimekuja kusema kwamba sikuulizwa. Niulizeni. Nikishajibu, mkiona ni ya jirani, nitatoka mwenyewe." Mutabazi aliangalia chini.

Hakimu akamwambia karani akuonyeshe jalada. Karatasi ilipelekwa nyumbani kwako, akasema, ikapokewa na mtu mzima, na saini yake hii hapa. "Unaijua saini hii?"

Uliinama. Ulikuwa na macho mapya, Mama, macho niliyoyangojea koridoni huku nikiangalia ile saa. Ulikaa umeinama muda ambao mimi niliona ni siku nzima. Nilijua kwamba sasa utageuka uniangalie. Hukugeuka. Ulijinyoosha, ukarekebisha mtandio, ukasema: "Siijui, Nyakubahwa."

Na mimi nikashusha pumzi. Mungu anisamehe. Nilishusha pumzi kama mtu aliyepona.

Baada ya siku chache wakasoma uamuzi, kwamba uliitwa kama sheria inavyotaka, hukufika, na huna jambo jipya. Ombi likatupwa.

Ulirudi ukashona. Kaka Yusufu alikuwa anapiga simu kutoka Mwanza kila siku, anapiga kelele kwamba jirani ameghushi saini, kwamba atakuja amfunze adabu. Ulikuwa unaiweka simu mbali kidogo na sikio, unamwambia mwanao wa kiume neno moja tu: "Mwache jirani." Sikukuuliza ulijuaje kwamba jirani hana kosa. Niliogopa ungejibu.

Uliondoka Jumanne asubuhi, kwenye cherehani, mguu bado uko kwenye kanyagio. Esperansi alidhani umeinama kutafuta sindano. Daktari alisema ni presha. Nilimuuliza mara mbili, naye mara mbili akasema presha, na nikatoka nje nikakaa chini kwenye vumbi, maana niliificha ile karatasi kwa ajili ya presha.

Tukakuzika alasiri ile ile. Yusufu alifika amechelewa, hakukuona uso. Alikaa siku saba akarudi Mwanza, na siku zote saba hakumjibu Mutabazi salamu, hata pale jirani alipoleta kuni na kusimama langoni na kofia mkononi.

Baada ya arobaini Metre Solange alikuja peke yake. Aliomba tukae ndani ya chumba chako. Akasema: "Zubeda, mama yako aliijua ile saini."

Akanieleza. Siku ile ya mahakamani mlipokuwa kwenye gari mnarudi, ulimwambia: "Ni ya binti yangu. Ile Z yenye mkia, nilimfundisha mimi kuiandika." Metre alishtuka, akakwambia kwamba tukilisema hilo mapema, kabla hawajaamua, pengine watakusikiliza, kwa sababu itajulikana karatasi haikukufikia. Ukamkataza. Ulimwambia asiandike jina langu mahali popote. Ulisema nina watoto, nina mume, nitanyooshewa vidole Nyamirambo nzima kwamba nilikiuza chumba cha mama yangu. "Chumba ni matofali," ulisema.

Nilimuuliza kwa nini ananiambia sasa. Akasema: "Alinikataza kuandika. Hakunikataza kukwambia."

Mama, kwa nini hukunipiga? Kwa nini hukuniita hata mara moja ukaniambia Zubeda Ramadhani, kaa hapa? Ulikuwa ukiniita kwa jina la baba kwa kuvunja sahani. Ulinikuta nimekuvunjia kitu hiki, ukaninyamazia, ukaendelea kunimenyea machungwa kila nikija. Yale machungwa, ulikuwa tayari umejua. Nimehesabu siku. Machungwa yote ya mwezi ule, ulikuwa umejua.

Nilimwambia Metre nataka kusema. Akasema kama mrithi wako ninaweza kuiomba mahakama ifungue shauri kwa jambo jipya, kwamba mimi ndiye niliyesaini na kuficha. "Lakini watakuuliza swali moja," akasema. "Watauliza kama marehemu alijua. Kama hakujua, ni jambo jipya. Kama alijua akanyamaza, si jipya tena, na mlango unafungwa." Nikamuuliza nijibu nini. Akasimama, akachukua mkoba wake. "Mimi sitakufundisha jibu la swali hilo. Na usiniulize tena."

Safari hii hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani. Nilisema yote. Mtu mwenye mkoba, jua machoni pako, mtu wa umeme, pochi, korido, ndala. Sikulia, ajabu. Mutabazi alikuwa kwenye benchi lao, na nilipotaja hospitali aliinua kichwa akamwangalia wakili wake kama mtu aliyedanganywa. Nadhani hata wakili hakujua.

Hakimu akaandika, akaandika, kisha akauliza polepole: "Marehemu aliposimama hapa, alijua kwamba aliyesaini ni wewe?"

Hakuna aliyeweza kunipinga, Mama. Wewe umelala. Metre alikuwa anaangalia karatasi zake. Neno moja, hapana, na pengine wangefungua, na chumba kingesimama, na Esperansi angekaa kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo njia nzima. Lilikuwa mdomoni. Lakini nilipotaka kulitoa nikakuona pale pale uliposimama, umeinama, na mtandio wako wa kahawia. Nilishakufanya mara moja mtu asiyejua kinachoendelea nyumbani kwake mwenyewe. Nikisema hapana nitakuwa nakufanya hivyo mara ya pili, na safari hii huwezi hata kuniuliza nani huyo.

Nikasema: "Alijua, Nyakubahwa. Alinificha."

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki mbili. Nataka uujue, kwa sababu ni wako. Hakimu alisema mahakama inaamini kwamba Mariamu hakupata ile karatasi, na kwamba alihukumiwa bila kusikilizwa. Alilisoma hilo wazi, jina lako na yote. Nilimshika Metre mkono. Kisha akaendelea. Akasema kinacholetwa leo kama jambo jipya, Mariamu mwenyewe alikuwa nacho siku aliposimama hapa, akachagua kutokukisema. Mahakama haina ruhusa ya kurudi kwenye amri yake kwa jambo ambalo mwenye shauri alilijua, hata kama kunyamaza kwake kulikuwa kwa upendo. Ndivyo alivyosema, kwa upendo. Wakifanya hivyo kwa mmoja, hakuna mtu atakayejua kama kesi yake imekwisha. Ombi limekataliwa. Akavua miwani, akaniambia "Pole," kisha akaita shauri linalofuata.

Kwa hiyo imeandikwa kwamba hukusikilizwa, na imeandikwa kwamba haiwezekani tena kukusikiliza. Viko kwenye ukurasa mmoja. Nimeusoma hadi umelegea.

Metre anasema kuna ombi moja limebaki, la akarengane, la mtu aliyeonewa na hukumu, linakwenda kwa wakubwa wa mahakama, nalo halizuii kubomoa. Ameliandika. Mimi sijaweka tumaini hapo.

Nje ya mahakama Mutabazi alinifuata. Nilidhani atanitukana. Akasema: "Zubeda, ningejua mama yuko hospitali ningekwenda mimi mwenyewe kwa karani kuomba siku nyingine. Mlango wangu na wenu ni hatua kumi. Kwa nini hukugonga?" Alisimama anangoja jibu, mtu mzima yule, macho yamejaa maji. Akasema chumba tunaweza kukiacha hadi nguo za harusi alizokuwa akishona Esperansi ziishe. Tukakiacha hadi zikaisha.

Siku tunabomoa, tulipoondoa lile kabati la vitambaa, tulikuta ukuta mzima umejaa maandishi yako ya penseli. Vipimo. Majina ya wanawake, kifua, kiuno, urefu, tangu wakati mimi sijaolewa. Esperansi alipata jina lake akiwa mwembamba, akacheka, kisha akageukia ukuta. Mama wa Metre alikuwepo. Mimi nilikuwepo mara nne, kila mara nimenenepa kidogo. Tulijaribu kutoa yale matofali mazima. Mengi yalivunjika.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Yusufu anafika kesho stendi ya Nyabugogo na basi la asubuhi. Amesikia tumeshindwa tena, na amesikia kwa watu tu kwamba chumba kimekwenda. Hajui kingine. Kwenye simu alisema hatakuja kwanza nyumbani, atapitia mlangoni kwa Mutabazi. Unamjua mwanao na mikono yake. Nimemwambia hakimu, nimemwambia jirani, nimemwambia mume wangu, ambaye hadi leo ananiongelesha kama mgeni. Kaka yangu sijamwambia. Hakimu alikuwa rahisi, sikukua naye.

Nakuahidi, Mama. Nitakuwa Nyabugogo kabla basi halijaingia. Nitamwambia pale pale, katikati ya wapagazi na kelele zote, kabla hajashusha begi lake. Nitaanza na langu lote, kuanzia mtu wa umeme. La kwako nitamwambia mwisho, la saini, asije akadhani nimejificha nyuma yako tena. Akinipiga mbele za watu, anipige. Akigeuka arudi Mwanza bila kunisalimia, nitakaa pale nimwangalie akipanda. Lakini mlangoni kwa Mutabazi hatafika akiwa hajui. Hilo nitalisimamia.

Madrasa walitutisha sana na maswali ya kaburini. Nilikuwa najifunika shuka kichwani, nawe unanicheka. Siku hizi hayanitishi. Nikija kukusalimia Ijumaa nasimama pale juu yako, nafikiri kwamba huko ulikokwenda malaika walikuja kwako wewe mwenyewe, wakakuita kwa jina lako, wakakuuliza, na wakangoja ujibu.

Lala, Mama.

Ni mimi,
Zubeda